Mzigo wa Watu Wanne: Haki ya Anayeuguzwa na Haki ya Anayeuguza

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na wahudumu wa wagonjwa, katikati ya jiji la Dar es Salaam)



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida haliwekwi katika orodha ya mambo ya haki na amani. Tumezoea kuzungumzia ardhi, uchaguzi, mishahara, rushwa na hali ya mahabusu. Leo twaingia ndani ya nyumba, mpaka kando ya kitanda cha mgonjwa aliyepooza kwa kiharusi, na huko tuulize: Nani anamgeuza? Nani anamwosha? Nani amelala usiku, na nani amekesha? Nani amepoteza kazi yake, na nani anatuma salamu kwa simu tu? Twaamini kwamba hayo ni maswali ya haki, sawasawa na yale ya shambani na kiwandani. Amani haiwezi kukaa barazani ikiwa dhuluma imelala chumbani.

Mnaikumbuka habari ya yule mwenye kupooza aliyeshushwa mbele ya Yesu kupitia darini. Injili ya Marko inatueleza kwamba alichukuliwa na watu wanne. Mara nyingi tumesikia mahubiri juu ya imani yao. Leo yafaa tutafakari pia hesabu yao. Mtu mmoja angemburuta mgonjwa. Wanne walimbeba, kila mmoja ameshika pembe yake, na kama mmoja wao angeachia, mgonjwa angeanguka. Hilo ndilo neno letu lote la leo: aliyepooza ni mzigo wa watu wanne, na kumwachia mtu mmoja mzigo huo ni kosa juu ya mgonjwa na ni kosa juu ya huyo anayembeba.

1. Ugonjwa wenyewe

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa, na viungo vilivyokuwa vikiongozwa na sehemu hiyo hulegea. Upande mmoja wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Ndiyo maana aliyeumia ubongo upande wa kushoto hupooza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi hupoteza pia usemi. Chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo mtu aweza kukaa nalo miaka mingi bila kuhisi lolote. Kisukari, uvutaji wa sigara na maradhi ya moyo huongeza hatari.

Tusidhani kuwa maradhi haya ni ya nchi za mbali. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la hapa Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 kule Hai, na wapatao 316 hapa jijini. Hapa kwetu ni karibu mara tatu.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha jambo la kutufikirisha. Watu wa Hai walikieleza kiharusi zaidi kwa sababu za kawaida, kama vile shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Watu wa Dar es Salaam, wenye hospitali kubwa karibu yao, walikihusisha zaidi na majini na uchawi. Hatusemi haya ili kumcheka mtu yeyote. Mtu aliyelala mzima akaamka nusu ya mwili haimtii, ni haki yake kutafuta maana ya jambo hilo. Lakini imani hiyo huzaa madhara mawili. La kwanza, saa zinapotea. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukiishiwa nguvu ghafla, maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile. Asipewe aspirini kwa kubahatisha, kwa maana ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo huweza kuzidisha kuvuja kwa damu. La pili, anatafutwa mchawi. Naye hapatikani mbali: ni mke wa mwana, ni jirani wa chumba cha pili, ni mwenzake wa biashara. Hapo mgonjwa anapata kiharusi, na familia nayo inapooza.

2. Siku ya kuruhusiwa

Tuchukue familia moja ya Kariakoo. Hatutataja jina wala mtaa. Mama mjane, mwenye umri uliopita kidogo miaka 60, alikuwa amewasomesha watoto wanne kwa biashara ya vitenge. Alfajiri moja alishindwa kuinuka kitandani. Alilazwa hospitalini siku tisa, akaruhusiwa akiwa hai, jambo ambalo wote walimshukuru Mungu kwalo. Alirudi na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Wodi ilikuwa imejaa, na hakuna aliyepata nafasi ya kukaa na watoto wake kuwafundisha namna ya kumgeuza, kumlisha na kumwinua.

Watoto wale walikuwa hivi. Kaka mkubwa ni mwajiriwa ofisini. Wa pili yuko Mwanza. Wa tatu ni binti mwenye kizimba cha viungo vya pilau. Wa nne yuko nje ya nchi. Hakukuwa na kikao. Hakuna aliyesema neno. Macho yote yalimwelekea binti tu, kana kwamba jambo limeshaamuliwa na Mungu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kaka mkubwa alisema atachangia. Wa Mwanza alisema atakuja. Wa nje alituma fedha mwezi wa kwanza na wa pili. Akaletwa na msichana kutoka kijijini, mwenye miaka 15, asaidie kazi ndogondogo; na kazi hizo ndogondogo ndizo za kumnyanyua mtu mzima usiku.

Baada ya miezi mitatu kizimba kilikuwa kimechukuliwa na mtu mwingine, kwa kuwa hakikufunguliwa na ushuru haukulipwa. Mama alikuwa na kidonda cha kulalia juu ya makalio. Msichana aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Kaka mkubwa alipokuja, alimlaumu dada yake mbele ya wageni kwa sababu ya kidonda kile. Dada yake akajibu: "Sijamchoka mama. Nimechoka kuwa peke yangu."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeutazama ni mwepesi. Aujuaye uzito wake ni yule uliye kichwani pake.

3. Hesabu ya saa 168

Watu husema, "Yeye anakaa nyumbani tu na mama." Hebu tuhesabu. Juma lina saa 168. Mgonjwa asiyeweza kugeuka mwenyewe hawezi kuachwa peke yake. Lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, ili ngozi isife kwa kugandamizwa. Huyo anayelala chumbani mwake hulala sikio moja likiwa macho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Gawanyeni 168 kwa 45. Mtapata tatu na kitu, yaani karibu watu wanne. Kazi ambayo sheria ingeitakia watu wanne, sisi tumempa binti mmoja, bila mshahara, bila siku ya mapumziko, tena tukiiita upendo. Ni upendo kweli. Lakini upendo wa mmoja usigeuzwe kuwa kisingizio cha uvivu wa watatu.

Sheria hiyohiyo ina jambo jingine la kutafakari. Kifungu cha 34, kama kilivyotungwa mwaka 2004, kilimpa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Tazameni vizuri. Mzazi alitajwa katika kufa; katika kuugua hakutajwa. Mtoto alipewa siku nne za kumzika mama yake, na hakupewa hata moja ya kumtoa hospitalini na kujifunza kumlisha.

Hata hivyo tusiilaumu sheria peke yake, kwa maana inafanana na sisi. Katika mji huu tunajua sana kuunda kamati. Harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango huzunguka miezi mitatu kabla. Msiba ukitokea, saa moja haipiti kabla turubai halijafungwa, viti havijaletwa na daftari la rambirambi halijafunguliwa. Lakini mgonjwa aliyelala mwaka mzima katikati ya harusi na msiba hana kamati. Ana binti mmoja. Tunajua kuoza na tunajua kuzika. Hatuna budi sasa kujifunza kuuguza.

4. Kikao cha familia

Kwa hiyo twapendekeza kila jumuiya iisaidie familia kufanya kikao kabla mgonjwa hajaruhusiwa, au ndani ya juma la kwanza. Asimamie mtu ambaye wote wanamheshimu na ambaye hana upande: mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa ukoo, au jirani. Walio mbali washirikishwe kwa simu, wasikie kwa masikio yao na wajibu kwa midomo yao. Mambo haya yaandikwe katika daftari.

Jambo la kwanza ni mahali. Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, zilikuwa na dosari zake, hasa choo cha pamoja. Lakini mgonjwa alikuwa hatua chache kutoka barazani, na uani hapakukosa mtu. Nyingi zimebomolewa, na mahali pake yamejengwa maghorofa. Mgonjwa anayekaa ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu au umeme ukikatika, ni mfungwa. Familia ijiulize kwa dhati: je, aende kwa mtoto anayekaa chini, hata kama ni Mbagala au Kigamboni? Na huko, kliniki atafikaje? Mahali pazuri kwa fahari ya familia si lazima pawe pazuri kwa mgonjwa.

Jambo la pili ni zamu. Ziandikwe kwa majina na saa. Aliyeko ofisini hawezi kuja mchana, lakini aweza kulala kwa mgonjwa Ijumaa na Jumamosi. Wanaume wasiseme kwamba kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake. Ni kweli kwamba mama aona haya kuoshwa na mwanawe wa kiume, na heshima hiyo tuilinde. Lakini kumgeuza, kumlisha, kumfanyisha mazoezi, kufua mashuka na kuchota maji hakuna haya ndani yake.

Jambo la tatu ni fedha. Kila mmoja aseme kiasi atakachotoa na tarehe, na awepo mtu mmoja wa kupokea na kuandika. Humo ihesabiwe pia hasara ya yule aliyeacha biashara. Ikiwa binti amefunga kizimba ili ndugu zake wafanye kazi zao, basi ushuru wa kizimba hicho ni deni la ndugu wote, kama ilivyo bei ya dawa. Huo ni uadilifu wa kawaida, usiitwe msaada.

Jambo la nne ni mapumziko. Anayeuguza apate angalau siku moja kamili kila juma ya kutoka, kusali, kusuka nywele, kulala. Asilazimike kuiomba. Iwe imeandikwa.

Jambo la tano ni ujuzi. Kabla ya kuondoka hospitalini, familia iombe, bila woga na bila jeuri, kuonyeshwa kwa vitendo yafuatayo:

Kugeuza na kukagua ngozi: makalio, nyonga, visigino na mabega yaangaliwe kila siku. Mahali palipobadilika rangi, palipokuwa na joto au pagumu, pasilaliwe tena wala pasisuguliwe.

Kulisha: mgonjwa aketi wima, apewe kijiko kidogo, amalize kumeza kabla ya kingine. Maji mepesi mara nyingi humpalia kuliko uji mzito. Akikohoa, au sauti ikawa kama yenye maji, asimamishwe na wataalamu waulizwe. Baada ya kula asilazwe kwa muda wa nusu saa hivi. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, nayo huua.

Kuinua: asivutwe kamwe kwa mkono uliolegea, maana bega huteguka na maumivu yake hudumu. Mkono huo uegemezwe juu ya mto. Akianza kutembea, fimbo ishikwe kwa mkono wenye nguvu.

Mazoezi: mtaalamu wa viungo aonyeshe, na nyumbani yarudiwe kila siku, kidogokidogo, mara nyingi. Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, lakini milango haifungwi baada ya hapo. Miezi hiyo ikipotea kwa kusubiri, au kwa kuhama kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine, ni hasara ambayo fedha haiirudishi.

Choo: anayetumia choo cha kuchuchumaa hataweza tena. Fundi seremala aweza kutoboa kiti imara katikati na kuweka ndoo chini yake. Ni jambo dogo, nalo humrudishia mtu mzima heshima yake.

Dawa: dawa za shinikizo la damu si kama za malaria zinazomalizika kwa siku tatu. Humezwa kila siku, hata mgonjwa akijisikia mzima, mpaka daktari aseme vingine. Kiharusi cha pili mara nyingi huja kwa aliyeacha dawa.

5. Msichana wa kazi

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja yule ambaye hakuitwa katika kikao. Katika nyumba nyingi za jiji hili, anayemgeuza mgonjwa usiku si mtoto wa mgonjwa, bali ni msichana wa kazi. Sheria ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamlinda aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi zenye kumdhuru. Kumnyanyua peke yake mtu mwenye uzito kumshinda, usiku baada ya usiku, ni kazi yenye kumdhuru, hata kama nyumba ni ya Wakristo na picha ya Moyo Mtakatifu ipo ukutani.

Ikiwa familia inataka mfanyakazi wa kuuguza, na itafute mtu mzima, ikubaliane naye mshahara, saa, siku ya mapumziko na likizo, na imfundishe kama tulivyosema. Wafanyakazi wa majumbani wana chama chao, CHODAWU, na wana haki ya kukiendea. Tusijenge afya ya mama yetu juu ya mgongo wa mtoto wa mama mwingine.

6. Sauti ya mgonjwa

Katika kikao cha ile familia ya Kariakoo, kilichofanyika hatimaye kwa juhudi za jumuiya mwezi wa nne, watoto walibishana muda mrefu: apelekwe kijijini, apelekwe kwa kaka, abaki. Mama alikuwa chumba hichohicho. Mjumbe mmoja wa jumuiya akauliza: "Mmemwuliza mwenyewe?" Wakajibu kwamba hasemi.

Ndugu, aliyepoteza usemi hakupoteza akili. Wengi husikia na kuelewa mengi kuliko tunavyodhani, nao husikia pia tunapozungumza juu ya gharama zao, juu ya mazishi yao, juu ya nyumba zao. Aulizwe maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, kwa sauti ya kawaida, naye apewe muda wa kujibu kwa kichwa, kwa jicho au kwa mkono. Mama yule aliulizwa hivyo. Kijijini? Akatikisa kichwa. Kwa mwanawe? Akatikisa kichwa. Kisha akainua mkono wake mzima, akaonyesha mlango wa mbele. Ilichukua muda kumwelewa. Alitaka awe anatolewa asubuhi, aketi barazani, aone watu wakienda sokoni. Kwa miezi minne mama aliyeishi miaka 30 katika kelele za Kariakoo alikuwa akitazama dari.

Wengi waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni nzito. Hulia, hukataa chakula, hukataa mazoezi. Tusiseme kwamba ni ukaidi au kukosa imani. Nayo ni sehemu ya ugonjwa, na yafaa aelezwe daktari.

7. Wajibu wa jumuiya na wa Serikali

Pengine mtasema kwamba haya ni mageni. Si mageni. Ukimwi ulipotuingilia, wagonjwa walikuwa wakifichwa vyumbani, na watu waliogopa kuwashika. Mwaka 1989 ilianzishwa WAMATA hapa Dar es Salaam. Mwaka 1992 Jimbo Kuu letu likaanzisha PASADA. Waamini wa kawaida walijifunza kuingia nyumbani kwa mgonjwa, kumsafisha, kumlisha, na kumpumzisha aliyemwuguza. Kama tuliweza kwa ugonjwa uliotuogofya, hatuwezi kushindwa kwa ugonjwa ambao hata hauambukizi.

Jumuiya yaweza kufanya haya: kuwa na orodha ya wagonjwa wa muda mrefu, kutoa watu wawili wa kukaa na mgonjwa saa tatu kila juma ili anayemwuguza atoke, kununua kiti cha magurudumu kimoja na kipimo cha shinikizo la damu, vikaazimwa nyumba kwa nyumba. Jirani zetu Waislamu tushirikiane nao. Mgonjwa hana mtaa wa dini. Na ile ziara ya kusali dakika kumi na kuondoka, iongezwe kazi moja: kabla ya kuaga, ulizeni kama kuna ndoo ya kujaza.

Kwa upande wa Serikali, zipo haki ambazo watu hawazidai kwa kutojua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na upo utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo; waanzie ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamhusu pia aliyelemazwa na kiharusi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuulize katika mitaa yetu kama wamefundishwa kumtembelea aliyepooza. Usafiri nao ni haki. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, pamoja na kile cha Kivukoni, vilijengwa sakafu yake ikilingana na mlango wa basi, ili hata mwenye kiti cha magurudumu apande. Lakini sakafu iliyolingana haimsaidii mtu ikiwa umati unamsukuma. Hilo haliko mikononi mwa Serikali peke yake. Liko mikononi mwetu sisi tunaosukuma.

Na kuhusu likizo, twapendekeza vyama vya wafanyakazi na waajiri wenye moyo waanze kwa hiari: siku nne za kumwuguza mzazi, kama zile nne za kumzika. Taasisi za Kanisa zenye waajiriwa zianze zenyewe. Hatuwezi kuwahubiria wengine jambo ambalo halipo katika mikataba yetu.

8. Hitimisho

Pengine mtapenda kujua habari za mama yule. Hakurudia hali yake ya zamani. Anasema maneno machache. Kidonda kilipona baada ya muda mrefu. Anaketi barazani asubuhi, na wateja wake wa zamani humsalimu. Kaka mkubwa hulala kwake Ijumaa na Jumamosi. Mwanzoni alikuja kwa kulazimika, sasa yeye ndiye anayejua kumlisha kuliko wote. Wa Mwanza hukosa kutuma mara kwa mara, na daftari linamwonyesha. Binti alipata kizimba kingine, kidogo kuliko cha kwanza. Hatusemi kwamba haki imetimia katika nyumba ile. Tunasema kwamba pembe za mkeka sasa zimeshikwa na zaidi ya mtu mmoja.

Twawaombeni, mtakaporudi katika jumuiya zenu, msiulize tu, "Mgonjwa anaendeleaje?" Ulizeni pia, "Anayemwuguza, jana alilala?"

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayemwuguza mtu wa nyumbani kwake peke yake? Tumemtembelea lini mara ya mwisho, na tulifanya nini?
2. Kwa nini twachangia harusi na msiba kwa urahisi kuliko ugonjwa wa muda mrefu?
3. Je, wafanyakazi wa majumbani mwetu wana siku ya mapumziko? Wana umri gani, na wanapewa kazi gani usiku?
4. Je, yupo kati yetu ambaye familia yake imevunjika kwa kutafuta mchawi wa kiharusi? Tufanye nini ili wapatanishwe?
5. Ni nani kati yetu hajawahi kupimwa shinikizo la damu? Tupange siku ya kwenda pamoja.